Marehemu Sir George Kahama, Mfanyabiashara wa Mali ya Watu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama waliokusanyika Makote, Newala)



Katika mkutano uliopita mlituagiza tuandae habari za mtu mmoja aliyeshika dini yake, mwenye nyumba na watoto, aliyefanya biashara na kuacha jina nyuma yake. Hapana shaka wengi wenu mlitazamia tuwaletee habari za tajiri wa Lindi au wa Mtwara, mwenye maduka na magari ya mizigo. Tajiri wa namna hiyo yupo, na habari zake hufaa kusemwa barazani. Walakini sisi tumemchagua mtu mwingine, ambaye sifa yake haikutoka katika duka lake mwenyewe. Maisha yake karibu yote alifanya biashara kwa fedha za watu wengine, nasi tunaoketi hapa, ambao mchana kutwa twashika vitabu vya fedha zisizo zetu, tunayo sababu kubwa ya kumtazama.

Mtu huyo ni marehemu Clement George Kahama, aliyezaliwa Karagwe mwaka wa 1929, akafariki dunia tarehe 12 Machi 2017. Watanzania wengi walimwita Sir George.

Neno hilo "Sir" limewapotosha wengi. Wako watu wasemao mpaka leo kwamba alipewa na Malkia wa Uingereza, na wengine wakamnong'ona kuwa alikuwa kibaraka. Sivyo. Kahama alikuwa Mkatoliki, na heshima hiyo alipewa na Papa wa Roma. Basi jina lililosikika kama la Kizungu lilitoka kanisani. Twalisema jambo hili mapema ili lisije likaulizwa mwishoni na kutupotezea wakati, kama ilivyo desturi ya mikutano yetu.

Mtauliza, Karagwe na Makote wapi na wapi? Huko ni mpaka wa Rwanda na Uganda, kwenye migomba na kahawa; huku ni karibu na mto Ruvuma, kwenye mihogo na mikorosho, na maji yetu wazee waliyafuata mabondeni. Walakini mkulima wa kule na mkulima wa huku wana ugonjwa mmoja. Kule Bukoba na Karagwe uko ulanguzi uitwao butura: mtu mwenye shida ya ada ya shule, au ya maziko, huiuza kahawa yake ingali mtini, mbichi, kwa bei ya kutupa, na mnunuzi hungoja tu ivunwe. Huku kwetu twaijua kangomba. Mlanguzi huja na kipimo chake mwezi wa njaa, kabla ya minada kufunguliwa, humpa mama mjane shilingi chache, na korosho huwa zimekwisha kuondoka nyumbani kabla ya kuokotwa. Majina ni mawili, jambo ni moja. Na dawa iliyotafutwa kule ndiyo iliyotafutwa na huku, yaani ushirika.

Hapo ndipo twataka kukaa kidogo, maana ndipo maisha ya mtu huyu yalipoanzia.

Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa Tanganyika mwaka wa 1932, na mwaka uliofuata Wachaga wakaandikisha chama chao kikuu, KNCU. Bukoba walichelewa. Mwaka wa 1937 kulikuwa na ghasia huko juu ya amri za kulima kahawa, kwa kuwa watu waliona Serikali yaingia mashambani mwao na kuamuru, na faida hawaioni. Chama kikuu chao, BNCU, kikaja mwaka wa 1950. Kahama alikuwa kijana. Alipelekwa Uingereza kusomea mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough, akarudi, na hata miaka ya 1950 haijaisha alikuwa meneja mkuu wa chama hicho.

Ndugu, tufikiri kazi hiyo ilikuwa nini. Mkulima wa Kihaya huleta kahawa yake katika chama cha msingi. Karani huipima, huandika uzito, humpa mkulima karatasi. Mkulima hulipwa malipo ya kwanza, naye hurudi nyumbani akiwa hajui kahawa yake itauzwa bei gani huko ng'ambo. Kahawa huenda, hukobolewa, huuzwa, na baada ya miezi fedha hurudi. Gharama hukatwa, na kinachobaki hugawanywa kwa kila mtu kwa kadiri ya uzito ulioandikwa siku ile ya kwanza. Maana yake, nyumba nzima ya ushirika yasimama juu ya tarakimu moja iliyoandikwa na karani kwa kalamu, mbele ya mkulima ambaye pengine hakujua kusoma. Mfanyabiashara wa duka akikosea hesabu, hasara ni yake na ya watoto wake. Karani wa ushirika akikosea, au akikosesha kwa makusudi, hasara ni ya watu maelfu, naye mshahara wake haupungui. Kwa sababu hiyo twasema biashara ya mali ya watu ni ngumu kuliko biashara ya mali yako. Meneja wa chama cha namna hiyo hufanya biashara hasa: hushindana na wanunuzi, hutazama bei ya ulimwengu, hukopa na kulipa. Kilichopungua ni kimoja tu, kwamba faida si yake.

Kutoka hapo alichukuliwa na siasa, nasi hatutakaa sana juu ya vyeo. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria. Tarehe 1 Julai 1959 akawa mmoja wa wajumbe watano waliochaguliwa na watu ambao walitwaa uwaziri kwa mara ya kwanza, pamoja na Chifu Abdallah Fundikira, Solomon Eliufoo, Amir Jamal na Derek Bryceson. Yeye alipewa maendeleo ya jamii na ushirika. Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1961 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na baada ya Jamhuri akapewa Biashara na Viwanda.

Kisha akapewa Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Tarehe 5 Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Serikali ikatwaa mabenki, na viwanda vingine ikatwaa sehemu kubwa ya hisa zake: bia, sigara, saruji, viatu vya Bata, mikebe. Vingi vya hivyo vikawekwa chini ya Shirika hilo. Basi meneja wa zamani wa kahawa ya Wahaya akawa msimamizi wa mali nyingi kuliko tajiri yeyote wa nchi, na wakati uo huo Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni ya kibepari, kuwa mkurugenzi wa kampuni hiyo, kupokea mishahara miwili, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Hebu mfikiri mzee wa nyumba aliye katika hali hiyo. Mchana hutia sahihi mikataba ya mamilioni, jioni hurudi kwa mke na watoto akiwa haruhusiwi kujenga vyumba viwili vya uani avipangishe. Masharti hayo yalidumu mpaka Azimio la Zanzibar la mwaka wa 1991. Kuna wengi waliyashika mdomoni tu na kuandika nyumba zao kwa majina ya shemeji. Twamtaja Kahama kwa kuwa ndani ya masharti hayo aliendelea kupewa mali ya nchi kuisimamia, kazi baada ya kazi.

Mwaka wa 1973 chama cha TANU kilikata shauri makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma, na Kahama akawa mkuu wa kwanza wa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Tangu kahawa mpaka bia, na tangu bia mpaka kujenga mji mahali penye vumbi na zabibu. Ilisemwa kazi ingetimia kwa miaka kumi. Haikutimia. Fedha zilipungua, vita vya Uganda vikaja mwaka wa 1978, na mawaziri wakaendelea kukaa Dar es Salaam karibu na bahari. Kwa miaka mingi Dodoma ilikuwa jambo la kutaniana maofisini, nasi makarani tulitaniana pamoja na wenzetu. Walakini mzee huyu alijaliwa kuishi hata Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba sasa Serikali yahamia kweli. Akafariki Machi mwaka uliofuata. Na miezi miwili baada ya kifo chake, Mei 2017, Rais huyo huyo aliivunja ile Mamlaka, kwa kuwa wenyeji wa Dodoma walikuwa wamechoka na ugomvi wa viwanja. Hivyo mji ulibaki, na ofisi iliyouanzisha ikaondoka. Sisi hatuoni ubaya katika hilo. Ofisi hujengwa kwa ajili ya kazi, wala si kazi kwa ajili ya ofisi, ingawa mtu akitazama maofisi mengine aweza kudhani kinyume.

Sasa turudi nyuma, maana wakati Kahama yuko Dodoma jambo kubwa lilitokea lililowagusa wazee wetu hapa. Mwezi wa Mei 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vyote vya ushirika, na mazao yakawekwa chini ya mamlaka za mazao. Yale aliyoyajenga kijana wa Bukoba yakafutwa kwa tangazo moja. Sababu zilikuwepo: vyama vingi vilikuwa na wizi, makarani wengi kupita haja, na mkulima alikatwa huku na huku hata akabaki na sarafu. Hatuwezi kuficha hayo. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kali kuliko ugonjwa.

Tazameni korosho. Katika msimu wa 1973/74 nchi ilipata karibu tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000. Sababu ni nyingi: watu walihamishwa katika vijiji, wakaiacha mikorosho yao mbali, nyasi zikaota na moto ukapita, ubwiriunga ukashika maua, bei ikawa ndogo, tena yachelewa. Na juu ya hayo yote mkulima hakuwa na chama chake cha kusemea. Vyama vikarudishwa kwa sheria ya mwaka wa 1982, lakini imani ilikuwa imevunjika, na kuirudisha imani hakufanani na kuandikisha chama.

Kahama baadaye alikuwa Balozi China tangu mwaka wa 1984, na mwaka wa 1990 akapewa Kituo cha Kukuza Uwekezaji, kazi ya kuwakaribisha wenye mitaji ya nje. Wako waliomcheka: jana alilinda mali iliyotwaliwa na Serikali, leo awaita matajiri waje. Hukumu yetu sisi ni nyingine. Nchi ilikuwa imegeuza njia, na ilimtafuta mtu aliyejua viwanda vile kwa ndani, udhaifu wao na madeni yao. Afadhali aliyeshika ufunguo wa ghala aulizwe kilichomo kuliko mpita njia. Walakini twakubali kwamba mtu akitumika chini ya kila siasa hupata ugumu kueleza yeye mwenyewe aliamini nini. Na jambo hilo kwa Kahama halikukosa kuulizwa.

Mwaka wa 2000, naye ana miaka zaidi ya 70, Rais Benjamin Mkapa alimpa Wizara ya Ushirika na Masoko. Hapo ndipo Karagwe na wilaya zetu zilipokutana mezani. Mkapa alikuwa mtoto wa Lupaso, hapo Masasi, Mkatoliki aliyesoma katika shule za misheni; huko alizaliwa mwaka wa 1938, na huko akazikwa Julai 2020. Waziri wake alikuwa mzee wa kahawa. Sheria mpya ya vyama vya ushirika ikapitishwa mwaka wa 2003, na mwaka wa 2005 ikaja sheria ya stakabadhi za ghalani. Msimu wa 2007, yeye akiwa amekwisha kutoka uwaziri, mpango huo wa stakabadhi ukaanza kwa korosho katika mkoa wetu wa Mtwara. Nyote mwaujua: mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, hupelekwa ghala kuu, huandikiwa stakabadhi, na wanunuzi hushindana mnadani. Ukiutazama vema ni ule ule wa Bukoba, mkulima arudi nyumbani na karatasi na kungoja.

Je, umefaa? Umefaa na umeumiza. Bei zilipanda juu ya zile za walanguzi, hata nyumba za bati zikaongezeka Newala na Tandahimba. Hilo hatuna haja ya kulithibitisha, mtu atoke nje atazame mapaa. Lakini makato yaliongezeka nayo, na malipo yalipochelewa watu walirudi kwa kangomba. Oktoba 2018 wakulima wa TANECU na wa MAMCU walikataa bei za minada, wakasema heri korosho zikae. Novemba Rais Magufuli akaamuru Serikali inunue zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaleta magari. Tuliwaona askari wakipakia magunia. Wengine walilipwa upesi, wengine walingoja mpaka watoto walirudishwa shuleni kwa ajili ya ada. Hata jeshi, ndugu, lilitegemea vitabu vya karani wa chama cha msingi ili kujua nani alipwe kilo ngapi.

Sasa juu ya nyumba yake. Mlitutaka tuseme habari za baba wa jamaa, nasi tungekuwa wadanganyifu kama tungejifanya twayajua ya ndani ya nyumba isiyo yetu. Twasema yaliyo wazi. Mke wake, Mama Janet Bina Kahama, alikuwa Mbunge kwa haki yake. Mwanawe, Joseph Kulwa Kahama, aliandika kitabu kikubwa cha maisha ya babaye na kukitoa mwaka wa 2010, mzee akiwa hai, aweza kukisoma na kukataa yasiyo kweli. Jambo hili limetugusa kuliko vyeo. Katika nchi yetu mara nyingi habari za mzee hukusanywa siku ya matanga, kila mtu akikumbuka lake, na hesabu za mali huanza kugombewa kabla udongo haujakauka. Huyu alitoa hesabu yake ya miaka 50 akiwa yuko, mbele ya watoto. Wazee wetu wangapi hapa Makote wamewaambia watoto wao mikorosho mingapi ni yao, ipi ni ya kaka, ipi imewekwa rehani? Twawajua watu waliofika barazani kwa Hakimu kwa miti kumi na miwili tu.

Tuna neno moja la mwisho, na hili ni la kazi.

Msimu uliopita mzee mmoja alitujia ofisini na stakabadhi ya chama kimoja cha msingi, ambacho hatutakitaja. Alikuwa amepeleka magunia matatu, naye alijua uzito kwa kuwa mjukuu wake aliupima nyumbani. Karatasi ilipungua kilo 31. Hakupiga kelele. Alituuliza tu, "Wanangu, ninyi mliosoma, hapa pameandikwa ngapi?" Tukamsomea. Akaikunja karatasi, akaiweka katika kitambaa, akaenda zake. Hatukuwa na mamlaka juu ya chama kile, wala ofisi yetu si ya ushirika. Lakini swali lake halikuwa la mamlaka. Alitaka mtu wa kumsomea kabla hajatia dole gumba, si baada.

Kwa hiyo twaleta shauri hili mbele ya mkutano. Minada hufunguliwa mwezi wa Oktoba. Chama chetu kina wanachama katika kata nyingi za Newala na Masasi, nao wote wajua kusoma mzani na kujumlisha. Twaomba wanachama wanaokubali waende siku za Jumamosi, baada ya kupata ruhusa ya viongozi wa vyama vya msingi, wakae karibu na mzani na kumsomea kila mkulima anayetaka kilo zake kwa sauti kabla hazijaandikwa. Malipo hapana. Nauli kila mtu atajitegemea, isipokuwa wa mbali, ambao Mweka Hazina ataona la kufanya. Karatasi ya kuandika majina iko mezani kwa Bwana Katibu, nasi jina letu tumekwisha kuliandika.